Newton, Boyle na ndoto ya kugeuza risasi kuwa dhahabu: walikuwa wanafikiri nini?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa kemia wa kidato cha tatu, mkoani Mbeya. Nilipowaambia wanafunzi wangu kwamba Isaac Newton na Robert Boyle walihangaika miaka mingi kutafuta njia ya kugeuza metali duni kuwa dhahabu, darasa zima liliangua kicheko. Mmoja akauliza kama hao walikuwa wanasayansi au wapiga ramli. Sikuwa na jibu la kuridhisha. Je, walikuwa na nadharia yoyote, au ni tamaa tu? Kuna kitu walichokiona kwa macho kikawafanya waamini? Na ni nani hasa aliyethibitisha kwamba haiwezekani?

JIBU: Mwalimu, nadharia walikuwa nayo, tena ya zamani na iliyopangika. Kwa ushahidi uliokuwepo mwaka 1600, mtu mwenye akili timamu angeweza kuikubali mbele ya wenzake bila kuona haya. Tamaa ilikuwepo pia, na matapeli walikuwepo tele, lakini hao nitawagusia tu baadaye.

Mzizi wake uko kwa Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Yeye alifundisha kwamba ndani ya ardhi kuna hewa za aina mbili, moja kavu yenye asili ya moshi na nyingine yenye unyevu, na kwamba metali huzaliwa pale hii yenye unyevu inaponaswa na kubanwa kwenye miamba. Wasomi walioandika kwa Kiarabu, hasa katika maandiko mengi yanayobeba jina la Jabir ibn Hayyan wa karne ya 8, waliligeuza wazo hilo kuwa kitu ambacho mtu wa maabara anaweza kukishika: kila metali imeundwa kwa zebaki na salfa. Zebaki ndiyo inayoipa uzito, mng'aro na uwezo wa kuyeyuka. Salfa ndiyo inayoipa rangi na kuigandisha. Zikiwa safi kabisa na zikikutana kwa kipimo sahihi, utapata dhahabu. Zikiwa na uchafu, au salfa ikizidi, utapata chuma, shaba au risasi. Walisisitiza kwamba hiyo si zebaki ya dukani wala salfa ya kupulizia mikorosho, ni asili mbili zilizojificha ndani ya metali. Karne ya 16 Paracelsus, tabibu mkorofi aliyezaliwa Uswisi, aliongeza ya tatu, chumvi, lakini msingi wa hoja haukubadilika.

Angalia kinachofuata hapo. Kama dhahabu na risasi zimeundwa kwa vitu vilevile, tofauti yao ni ya kipimo na usafi tu. Basi kwa nini isiwezekane kurekebisha kipimo na kuondoa uchafu? Na walidhani dunia yenyewe inafanya kazi hiyo kila siku. Wachimbaji wa Ulaya ya kati waliamini kwamba metali huiva ardhini kama embe mtini: risasi ni mbichi, fedha imekaribia, dhahabu ndiyo iliyoiva. Mgodi uliokwisha waliweza kuufunga miaka kadhaa kwa matumaini kwamba madini yataota tena. Mwanaalkemia, yaani mtafutaji wa njia hiyo ya kugeuza metali, hakudai kuvunja sheria ya maumbile. Alidai kuiharakisha kwa moto.

Mashaka nayo hayakuchelewa. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa wa Uajemi aliyefariki mwaka 1037, aliandika waziwazi kwamba mafundi wanaweza kuipaka fedha rangi ya manjano au kuifanya shaba ionekane nyeupe, lakini aina yenyewe ya metali hawaibadilishi. Maneno yake yalitafsiriwa kwa Kilatini, na kwa muda mrefu yakasomwa Ulaya kama ya Aristotle mwenyewe. Kwa hiyo kila msomi wa Ulaya aliyeingia kwenye alkemia alijua kwamba kuna hoja nzito dhidi yake. Aliingia kwa sababu aliona mambo yaliyoelekea kumkanusha Ibn Sina.

Mambo gani? Tuanze na risasi. Mbale ya kawaida ya risasi, yaani jiwe lenye madini yake, karibu kila mara ina fedha kidogo ndani yake. Mpima madini wa zamani alichukua kipande cha risasi, akakiweka kwenye kikombe kidogo kilichofinyangwa kwa majivu ya mifupa, akakitia kwenye tanuru lenye upepo wa kutosha. Risasi hushika oksijeni, huyeyuka na kunyonywa na kikombe. Mwisho hubaki tone dogo jeupe linalong'aa: fedha. Sisi tunasema fedha ilikuwamo tangu mwanzo. Lakini jiweke mahali pa mtu asiye na jedwali la elementi. Ameweka risasi, ametoa fedha, na kila akirudia kwa risasi ya mgodi uleule anapata hivyohivyo. Nani atamlaumu akisema sehemu ya risasi ilikuwa imekwisha kuiva?

Shaba ya manjano nayo ilikuwa na kisa chake. Mafundi walichoma shaba nyekundu pamoja na mkaa na unga wa jiwe fulani, ambalo leo tunajua ni mbale ya zinki. Zinki kama metali ya kujitegemea walikuwa hawaifahamu vizuri. Walichokiona ni jiwe la udongo likiipa shaba rangi inayokaribia dhahabu, tena shaba ikitoka tanuruni ikiwa nzito kuliko ilivyoingia.

Lakini ushahidi uliotajwa kuliko wote ulikuwa maji ya Smolník, katika milima ya nchi iitwayo leo Slovakia, wakati huo sehemu ya ufalme wa Hungaria. Georgius Agricola, tabibu wa Kijerumani aliyeandika sana juu ya migodi katikati ya karne ya 16, ameeleza kazi yenyewe: maji huchotwa kwenye kisima cha mgodi, humiminwa kwenye mifereji, na ndani yake hupangwa vipande vya chuma. Chuma huliwa taratibu mpaka kinakuwa tope. Tope hilo likiyeyushwa tanuruni, inatoka shaba safi. Huo haukuwa uvumi wa sokoni, ilikuwa shughuli ya kibiashara iliyoingiza pesa mwaka hadi mwaka, na msafiri yeyote angeweza kwenda kujionea. Katika migodi ya Herrengrund, kwenye ufalme huohuo, mafundi walitengeneza vikombe vya shaba hiyo na kuvichora maneno ya majigambo: nilikuwa chuma, sasa ni shaba, nimebeba fedha, nimefunikwa dhahabu.

Hili, Mwalimu, unaweza kulionyesha darasani kwa dakika chache. Yeyusha mrututu (salfeti ya shaba) kidogo katika maji, upate ile rangi ya buluu. Chukua msumari wa chuma usio na kutu wala mabati, usugue kwa msasa, uutumbukize nusu. Baada ya muda mfupi nusu iliyozama itavaa ngozi nyekundu ya shaba. Uache hadi kesho yake: buluu ya maji itakuwa imefifia kuelekea kijani hafifu, na chini patakuwa na unga mwekundu. Kabla hujaandika mlinganyo ubaoni, waulize wanafunzi: kwa kutumia macho na mizani tu, bila kutaja elementi, mtathibitishaje kwamba chuma hakikugeuka shaba? Nimeona watu wenye shahada wakikwama hapo.

Aliyelijibu swali hilo vizuri mapema ni Angelo Sala, tabibu Mwitaliano aliyeishi Ulaya ya kaskazini, katika kitabu chake cha mwaka 1617 kuhusu mrututu. Yeye alitengeneza mrututu mwenyewe kwa shaba, maji na asidi itokanayo na salfa, kisha akautengua na kurudisha vitu vilevile alivyoviweka. Kama shaba imo ndani ya mrututu tangu mwanzo, maji ya mgodi nayo yalikuwa na shaba iliyojificha. Chuma kimeitoa tu, chenyewe kikachukua nafasi yake majini. Hapakuwa na kugeuka. Palikuwa na kupishana.

Miaka hiyohiyo Daniel Sennert, profesa wa tiba katika Chuo Kikuu cha Wittenberg, alifanya jaribio ambalo mimi ningelipa nafasi katika kila kitabu cha kemia cha sekondari. Aliyeyusha fedha katika asidi ya nitriki mpaka ikapotea kabisa, maji yakawa maangavu. Akayapitisha kwenye karatasi ya kuchujia. Hakuna kilichobaki juu. Akaongeza chumvi iliyopatikana kwa kuchoma mashapo ya mapipa ya divai, ambayo sisi tungeiita kaboneti ya potasiamu. Ukashuka unga. Akauchoma unga huo tanuruni, na fedha ikarudi ikiwa fedha. Kwake hitimisho lilikuwa hili: fedha haikufa ndani ya asidi, ilikatika vipande vidogo mno vinavyopenya kwenye karatasi, na kila kipande kilibaki fedha.

Hapa ndipo simulizi za vitabu vya shule hupotoka. Husema kwamba nadharia ya chembe ilipoingia, alkemia ikaanguka. Ilikuwa kinyume kabisa. Boyle alisoma majaribio ya namna hii, akajenga juu yake fundisho kwamba vitu vyote vimeundwa kwa maada moja, iliyokatwa vipande vyenye maumbo na mipangilio tofauti. Mwaka 1661, katika kitabu chake mashuhuri kiitwacho Mwanakemia Mwenye Mashaka, aliishambulia ile orodha ya zebaki, salfa na chumvi. Wengi husoma shambulio hilo kama talaka kati yake na alkemia. Lakini fikiria: kama maada ni moja, na kinachotofautisha risasi na dhahabu ni mpangilio wa chembe tu, basi kugeuza moja kuwa nyingine ni suala la kupanga upya. Fundisho la Boyle liliipa ndoto ya dhahabu msingi imara kuliko ule wa Jabir.

Naye aliishi kwa imani hiyo. Mwaka 1676 alichapisha katika jarida la Royal Society ya London, jumuiya ya wanasayansi, habari za zebaki aliyoiandaa kwa namna maalumu, ambayo ikichanganywa na dhahabu kiganjani hupata moto. Newton akamwandikia katibu wa Royal Society kushauri Boyle anyamaze, kwani kama jambo hilo lingekuwa mlango wa siri kubwa zaidi, kulieneza kungeweza kuiletea dunia madhara makubwa. Boyle alikwenda mbali zaidi: Uingereza ilikuwa na sheria ya mwaka 1404 iliyokataza kuzidisha dhahabu na fedha, yaani kuzitengeneza kwa alkemia, na yeye alikuwa miongoni mwa walioshinikiza ifutwe. Ilifutwa mwaka 1689. Mtu hahangaiki na sheria ya jambo analoliona ni hadithi.

Kwa nini zebaki kila mara? Angalia uzito. Kwa ujazo uleule, dhahabu ni nzito mara 19.3 kuliko maji, zebaki 13.5, risasi 11.3, fedha 10.5. Wakati huo platini ilikuwa haijulikani Ulaya, kwa hiyo hakuna kitu walichokifahamu kilichoikaribia dhahabu kwa uzito kama zebaki. Tena zebaki huipenda dhahabu. Huko kwenu Chunya watu wanaijua tabia hiyo vizuri: mchenjuaji akikoroga zebaki kwenye mchanga wenye dhahabu, zebaki huidaka na kufanya donge jeupe, kisha akilichoma donge, zebaki inaondoka kwa mvuke na dhahabu inabaki. (Mvuke huo ni sumu ya kuharibu mishipa ya fahamu na figo, na hilo wanafunzi wako walisikie kabla ya kusikia lolote kuhusu Newton.) Mtu wa karne ya 17 aliyetazama donge hilo aliona ndugu wawili wamekutana. Kilichobaki, alidhani, ni kupata kitu cha kuigandisha zebaki isikimbie moto na kuipa rangi. Kitu hicho ndicho walichokiita jiwe la wanafalsafa: unga mwekundu, mzito, ambao punje yake ikifungwa kwenye nta na kutupwa juu ya zebaki ya moto au risasi iliyoyeyuka, ingeigeuza yote.

Newton aliacha maandishi ya alkemia yanayofikia takribani maneno milioni moja kwa mkono wake, mengi yakiwa nakala za waandishi wengine na kumbukumbu za maabara yake Cambridge. Mwandishi aliyemvutia sana alijiita Eirenaeus Philalethes. Nyuma ya jina hilo alikuwa George Starkey, kijana aliyezaliwa Bermuda na kusoma Harvard. Lugha ya vitabu hivyo ni ya mafumbo: simba wa kijani, hua wa Diana, mbwa mwenye kichaa. Ukiyafumbua, unakuta maelekezo ya kweli kuhusu antimoni, chuma, fedha na zebaki. Mwanahistoria wa kemia Lawrence Principe wa Marekani amefuata maelekezo ya namna hiyo katika maabara ya kisasa, akapasha moto zebaki iliyoandaliwa hivyo pamoja na dhahabu, na ndani ya chupa ukaota mti wa metali wenye matawi. Dhahabu haikuongezeka hata chembe. Lakini aliyeuona mti huo mwaka 1670 alikuwa na kila sababu ya kurudi tanuruni kesho yake.

Nadharia ya Newton mwenyewe, iliyochapishwa mwaka 1710 katika andiko fupi kuhusu asidi, ilisema chembe za dhahabu zimejengwa kwa tabaka juu ya tabaka. Asidi za kawaida hutenganisha tabaka la nje tu. Kama ingepatikana dawa ya kupenya hadi vijitundu vya ndani kabisa, dhahabu ingeweza kuchachuka na kugeuka kitu kingine chochote. Kwa mtazamo wa leo, kosa lake lilikuwa kudhani kwamba moto na asidi vinaweza kufika huko.

Matapeli sasa. Walikuwa na kijungu chenye sakafu ya pili, vumbi la dhahabu likiwa limefichwa chini yake. Fimbo ya kukorogea yenye uwazi uliozibwa kwa nta. Misumari nusu chuma nusu dhahabu iliyopakwa rangi. Georg Honauer aliyemhadaa mtawala wa Württemberg alinyongwa mwaka 1597 kwenye mti wa kunyongea uliotengenezwa kwa chuma. Wanaalkemia wa kweli waliwachukia kuliko mtu yeyote. Michael Maier alitoa kitabu kizima cha kufichua hila zao mwaka huohuo wa 1617 ambao Sala alitoa chake.

Ila si kila ushuhuda ulitoka kwa tapeli wa wazi, na hilo liliwasumbua hata wenye mashaka. Johann Friedrich Schweitzer, aliyejulikana kwa jina la Helvetius, alikuwa tabibu mjini The Hague na alikuwa ameandika kuipinga alkemia. Alisimulia kwamba mwishoni mwa Desemba 1666 mgeni asiyemjua alimtembelea, baadaye akampa chembe ya jiwe, naye kwa kusukumwa na mkewe akaitupa juu ya risasi iliyoyeyuka ikawa dhahabu. Machi 1667 Spinoza, mwanafalsafa, alikwenda kuuliza mwenyewe. Msomi aliyemuuliza kwanza alicheka. Spinoza hakuishia hapo. Alikwenda kwa sonara aliyeipima dhahabu hiyo, na sonara akamwambia ni dhahabu kweli, tena iliongezeka ilipoyeyushwa pamoja na fedha. Akaenda kwa Helvetius, akaonyeshwa kijungu chenye mabaki ya dhahabu kwenye kuta zake. Spinoza alimwandikia rafiki yake aliyoyasikia na kuyaona, bila kuamua upande.

Nani basi aliyethibitisha kwamba haiwezekani? Katika karne hizo, hakuna mtu. Mwaka 1722 mwanakemia Mfaransa Étienne-François Geoffroy alisoma mbele ya chuo cha sayansi cha Paris orodha ya hila za kutengeneza dhahabu ya uongo, na kuanzia hapo kazi hiyo ikawa aibu kwa msomi wa heshima. Hoja yake ilikuwa ya utapeli. Nadharia yenyewe hakuivunja. Mwaka 1782 James Price, mwanachama wa Royal Society, alidai kufanikiwa mbele ya mashahidi huko Guildford. Alipobanwa arudie mwaka uliofuata, alikunywa sumu akafa. Kisha mwanakemia Mfaransa Antoine Lavoisier, mwaka 1789, akachapisha orodha ya vitu 33 alivyoviita sahili, na metali 17 zikiwemo, kila moja peke yake. Yeye mwenyewe alikuwa mwangalifu: vitu hivyo ni sahili kwa sababu hadi sasa hatujaweza kuvigawa. Ndani ya orodha hiyo aliweka mwanga na joto pia. Kilichoifunga alkemia ni mizani: miaka ya kupima kila kinachoingia tanuruni na kila kinachotoka, na kila mara risasi iliyoingia ilihesabika ikiwa risasi.

Uthibitisho wa sababu ulingoja karne ya 20, atomu ilipojulikana kuwa na kiini. Kinachoifanya risasi kuwa risasi ni protoni 82 ndani ya kiini hicho, zebaki 80, dhahabu 79, na tanuru lolote la mkaa hugusa elektroni za nje tu. Mwaka 1919 mwanafizikia Ernest Rutherford alitangaza jaribio lililokuja kueleweka kuwa ni kugeuza naitrojeni kuwa oksijeni. Na mwaka 2025 watafiti wa jaribio la ALICE huko CERN, maabara ya fizikia ya chembe karibu na Geneva, walitoa hesabu ya viini vya risasi vilivyopishana kwa karibu sana kwa kasi inayokaribia ya mwanga na kupoteza protoni tatu. Kati ya mwaka 2015 na 2018 vilipatikana viini vya dhahabu bilioni 86 hivi. Uzito wake wote ni takribani pikogramu 29, yaani gramu 29 zikigawanywa kwa trilioni moja, na kila kiini kilidumu sehemu ndogo mno ya sekunde kabla ya kugonga ukuta wa mtambo na kusambaratika.